Majani ya Chini ya Kahawa

Mwanangu Nsia,

Salamu za kukujulia hali nazirukia, maana uko chumba cha pili hapo, nakusikia unabishana na mama yako kuhusu ndizi. Yeye anataka ubebe mkungu mzima mpaka Dar es Salaam, wewe unasema huko ndizi zipo. Usihangaike kushinda, beba tu. Mengine yote ya safari ameshakuambia, tena mara nyingi kuliko ulivyopenda: pesa uweke wapi, mjomba wako atakupokea upande gani wa stendi, maji uchemshe. Mimi hapo sina la kuongeza. Barua hii isome ukishapita Himo, mahali ambapo huwezi tena kushuka ukarudi kubishana na mimi.

Nataka tuzungumze kuhusu yale mazoezi yako ya Alhamisi.

Ulikaa sebuleni na kile kinasa sauti ulichoazimwa na watu wa redio, ukasoma kipindi chako cha majaribio, cha mbu wa mashamba ya mpunga kule Chekereni. Mimi nilikuwa nje kwenye benchi najifanya nachonga mpini wa jembe. Ulisoma vizuri. Unajua sina tabia ya kusifu bure. Hata ulipofaulu kidato cha sita nilikuuliza kwa nini hukupata zaidi, jambo ambalo mpaka leo mama yako ananikumbusha tukigombana. Lakini siku ile nilikaa nikashangaa. Mambo ambayo wataalamu wameyaandika kwa maneno ya kuvunja meno, wewe uliyamenya kama ndizi ya kuiva. Mpini niliuweka chini. Halafu ukafika mwisho, ukasema, "Wakulima wanashauriwa kuzingatia matokeo ya utafiti huu." Mama yako alikuwa anapita na ndoo ya maziwa. Akasimama mlangoni.

"Hao wakulima ndio akina nani?" akakuuliza.

"Mama nawe! Wakulima si ni wakulima tu," ukamjibu, ukacheka, naye akaenda zake jikoni.

Mimi sikucheka. Sentensi ile ni yangu. Najua hukuiiba kwa kukusudia. Umelelewa nayo, umeisikia ikitoka kwenye kipaza sauti changu ukiwa mdogo wa kubebwa mbele kwenye pikipiki ya serikali. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Tangu Alhamisi sijalala vizuri, na sababu ndiyo hii ninayokuandikia.

Leo kanisani mchungaji amekuombea safari, akasema unafuata nyayo za baba yako, Bwana Shamba aliyewafungua watu macho huku mlimani. Watu wakapiga makofi. Wewe ukageuka ukaniangalia kwa namna ambayo baba yeyote angependa kuangaliwa na binti yake, na mimi nikaangalia viatu vyangu. Benchi la nyuma yetu alikuwapo jirani yetu Mama Elifuraha, anapiga makofi kama wengine. Mwanangu, ukiondoka hapa ukiamini maneno yale utafanya kazi kama nilivyoifanya mimi. Na mimi nilikuwa nasikika ndani ya ghala moja la kahawa. Wewe utasikika nchi nzima.

Kwa hiyo nisikilize.

Wewe umekua wakati kahawa imeshapoteza heshima yake, watu wanaing'oa wapande nyanya. Miaka ninayoisema ilikuwa bado ni mali. Ila mambo yalikuwa yameanza kubadilika. Zamani dawa ya kahawa ilikuja kwa utaratibu mmoja, kupitia chama cha msingi, na mtu alijua anapewa nini. Mara biashara ikawa huria, maduka ya pembejeo yakaota kila njia panda, makopo ya kila rangi, na kila muuzaji akawa daktari wa mibuni. Mimi nilikuwa kijana, nina pikipiki, nina koti la kaki lenye mifuko minne, na nilijiona mtu.

Ndipo tukaitwa semina na watafiti. Walituambia habari mpya: kwamba kwenye vihamba vyetu, haya mashamba ya nyumbani ambako mgomba unaifunika kahawa na jua halifiki vizuri chini, ile dawa ya wadudu inakaa kwenye majani yanayoota chini ya mibuni muda mrefu kuliko ilivyoandikwa kwenye kopo. Basi mtu akishapiga dawa asikimbilie kukata majani yale kumpa ng'ombe. Asubiri mpaka mvua iyaoshe vizuri na yachipue mapya. Habari yenyewe ni hiyo tu, fupi, hata mtoto anaweza kuibeba. Nilirudi nayo nikiendesha pikipiki kwa kasi kama nimebeba mgonjwa.

Sasa angalia nilivyofanya. Unakijua kihamba chetu. Kahawa ni ya baba. Baba anapiga dawa, baba anauza, baba anatia pesa mfukoni. Majani yaliyo chini ya mbuni huohuo ni ya mama. Yeye ndiye anakata, yeye ndiye anamlisha ng'ombe, na maziwa ni yake. Hapo mahali padogo pana serikali mbili, na mawaziri wa serikali hizi hawakutani kikao. Mimi nikachukua habari ya majani nikaenda kuwatangazia watu wa kahawa. Nilingoja siku ya kupeleka kahawa ghalani, wanaume wamejaa, nikapanda juu ya mzani nikaeleza kwa ufasaha kabisa. Nilichora mpaka ubaoni. Nikamaliza na sentensi yangu, wakulima wanashauriwa. Wakapiga makofi, mmoja akauliza bei ya msimu, tukaenda kunywa mbege. Ndani ya ghala lile hakukuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kushika mundu kumkatia ng'ombe majani.

Kweli alikuwapo mmoja. Alikuwa ni mimi.

Siku hizo mama yako alikuwa amejifungua mdogo wako, na unajua mzazi kwetu anakaa ndani analishwa, hagusi kazi ya nje. Bibi yako alikuja kumtunza lakini magoti yake hayakumruhusu kubeba mzigo. Ng'ombe naye hajui habari za uzazi, anataka kula. Nikawa nakata majani mimi mwenyewe. Bwana Shamba mzima! Nilikuwa natoka kabla watu hawajaamka vizuri, nimevua koti langu la kaki, navizia njia kama mwizi wa kuku. Na kwa kuwa kahawa yetu ilikuwa imepigwa dawa nami nilishaelimishwa, sikugusa majani ya kihambani. Nilikata kwenye ukingo wa barabara.

Asubuhi moja Mama Elifuraha akanikuta nimeinama. Alikuwa mjane tayari, Elifuraha wake yuko mgongoni. Ameshika mundu.

"Bwana Shamba! Leo umekuwa mkata majani? Ya nyumbani yamekwisha?"

Nsia, swali gani zuri kuliko hilo? Mtu amekuja kwa miguu yake mwenyewe kuniuliza. Jibu lilikuwa neno moja, kahawa imepigwa dawa, usikate chini yake. Na wiki ile ile nilikuwa nimesikia bomba la dawa likilia kihambani kwake. Shemeji yake, kaka wa marehemu mume wake, ndiye alikuwa anaihudumia ile kahawa ya mjane na kuiuza kwa jina lake mwenyewe. Yote hayo niliyajua nikiwa nimesimama pale. Lakini niliona aibu kukutwa na kazi ya wanawake, ikanipanda mpaka masikioni.

"Aa, nasafisha barabara tu, Mama," nikasema. "Nyoka wamezidi."

"Haya, usafi ni jambo jema," akasema. Akacheka kidogo, kwa adabu, akaingia kihambani kwake na mundu wake.

Mficha uchi hazai, wanasema wenzetu. Mimi niliuficha wangu na aliyepata hasara ni mwingine. Ng'ombe wake alikufa siku chache baadaye, ametoka povu, amevimba, na mtoto anayenyweshwa maziwa yake yupo mgongoni mwa mama. Kama siku ile wasingewahi kuacha kumpa mtoto maziwa hayo, sijui leo ningekuwa nakuandikia nini.

Ng'ombe yule hakuwa wake. Alikuwa wa shemeji huyo huyo, amewekwa kwake afugwe kama tunavyowekeana: mwenyewe ana ng'ombe na ndama, anayefuga ana maziwa na samadi. Ng'ombe wa kuwekewa akifa, lazima ukoo ukae, waelezwe amekufaje. Wakakaa. Na mimi nikaitwa, mtaalamu wa serikali. Nilivaa koti.

Shemeji akasema mwanamke huyu ni mzembe, amemlisha ng'ombe sumu. Mama Elifuraha akasema, "Mimi sikusikia habari hiyo. Hakuna aliyeniambia." Mzee aliyekuwa anasimamia kikao akanigeukia. "Bwana Shamba, habari hii uliitangaza au hukuitangaza?"

"Niliitangaza," nikasema.

Ni kweli niliitangaza, na hata leo ukinipeleka mahakamani nitashinda. Shemeji alikuwa benchi la mbele siku ile ghalani, nilimwona kwa macho yangu, na pale kikaoni aliniangalia, nami nikamwangalia, tukaelewana kama wanaume wawili wanavyoelewana. Yeye alisikia akapiga dawa akanyamaza. Mimi nilikutana naye mama wa watu barabarani nikamdanganya. Na sote wawili tukakaa upande mmoja wa kikao, mama huyo akakaa upande wa pili peke yake na mtoto. Hawakumpa ng'ombe mwingine. Watu wakaanza kusema kihamba chake kina sumu, na hata ndizi zake kwenye soko zilinunuliwa mwishomwisho.

Nimekaa na jambo hilo miaka yote hii, naye jirani yangu, tunasalimiana kila siku. Kipaimara chako alikuja na mtori sufuria nzima. Nilikula. Kila mara nilijiambia nitamweleza, halafu ukapita mwezi, ukapita mwaka, na aibu ikikaa muda mrefu inakuwa kama samani ya nyumba, unaizunguka tu bila kuiona. Nilipopunguzwa kazini pamoja na wenzangu, nikarudisha pikipiki, nilidhani na lile limekwisha. Nikabaki na jina la Bwana Shamba, na watu wema wakaendelea kuniita.

Nakwambia haya siyo ili unionee huruma. Wewe una hasira kama yangu, unione vibaya, ni haki yako. Ninachokuomba uelewe ni jinsi kosa lenyewe lilivyokuwa dogo na safi. Sikuwa mvivu. Sikusema uongo ghalani, nilisema sawasawa na watafiti walivyosema, pengine vizuri kuwashinda. Nilipenda kazi yangu mno, na nadhani hapo ndipo lilipoanzia. Nilipenda kusimama juu ya mzani. Nilipenda yale makofi. Mtu anayeleta habari mpya ana utamu fulani mdomoni, na huo utamu unamfanya aamini kwamba akishasema, watu wameshajua. Na wewe Alhamisi nimeuona mdomoni mwako. Nimeutambua maana ulikuwa wangu.

Mama yako anaposimama mlangoni na ndoo na kukuuliza wakulima ndio akina nani, usimcheke. Mimi nilikuwa na mke ndani ya nyumba ambaye angeniambia kwa sekunde moja kwamba habari ile ni ya wanawake, ipelekwe kisimani, ipelekwe kwenye kwaya, isemwe sokoni kwenye ndizi. Sikumuuliza. Nilimwona amelala na mtoto nikapita.

Ijumaa nilimweleza yote. Alikuwa anapepeta maharage. Aliendelea kupepeta mpaka nilipofika mwisho, kisha akaweka ungo chini.

"Kumbe ulikuwa unasafisha barabara," akasema.

Akarudi kwenye maharage yake, na jioni ulipouona uso wake ukadhani anahuzunika kwa sababu unaondoka. Alipokuwa ananiwekea sahani ndipo akasema, "Kesho uende. Na usiende mikono mitupu."

Nikaenda jana. Nilikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, nikalikunja lile fundo kama wazee walivyotufundisha. Nikuambie ukweli, nilipokuwa nalikunja nilikuwa naona nafuu tayari, maana kwetu mtu ukimpelekea isale hawezi kukunyima msamaha. Ndivyo nilivyo. Hata kwenye kutubu natafuta njia ya mkato.

Nilimkuta anatua mzigo wa mabua na majani aliyotoka nayo tambarare. Akanipa kigoda. Nikampa isale kwa mikono miwili, nikamweleza: barabara, nyoka, benchi la mbele, na lile neno langu kikaoni. Alikuwa analigeuzageuza lile jani.

"Yelewi," akasema. "Kwa hiyo hata nyoka hawakuwepo."

"Hawakuwepo, Mama."

"Na mimi miaka yote napita pale kwa uangalifu." Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Kisha akasema, "Umeleta isale, siwezi kukataa. Nimekusamehe, Bwana Shamba. Shemeji mwenyewe alishakwenda, Mungu amrehemu. Yamepita."

Nikamshukuru, aika, nikasimama haraka, nikitaka kuondoka na msamaha wangu kabla haujapoa.

"Ngoja," akasema. "Kwa kuwa umekuja, nina swali. Sikujua nimuulize nani." Akanyoosha mkono kihambani kwake. "Haya majani. Sumu yake inaisha lini?"

Sikumwelewa. Niliangalia alikonyoosha mkono. Chini ya mibuni yake majani yamesimama mpaka magotini, mabichi, mazito, hayajawahi kuguswa na mundu. Halafu nikaangalia ule mzigo wa tambarare alioutua mlangoni.

Wewe pia umemwona, Nsia. Sote tumemwona. Tangu alipopata mtamba wa mradi wa kanisa, kila siku anashuka chini na kupanda na mzigo kichwani, na tulikuwa tunasema maskini, kihamba chake hakitoshi majani. Dawa aliacha kupiga zamani, ilipopanda bei hakuiweza tena. Lakini pale kikaoni alisikia kwamba majani ya chini ya kahawa yake yanaua, na baada ya hapo hakuna aliyekwenda kumwambia kitu kingine. Alikuwa anawaona wenzake wanakata ya kwao. Akaamini kwamba yake ndiyo yenye sumu. Si ndivyo sisi wote tulivyosema?

"Imeisha, Mama," nikamwambia. "Hayana kitu."

"Imeisha tangu lini?"

Nilitaka kusema tangu karibuni. Lilikuwa mdomoni kabisa, lile lile neno la nyoka. Nikalimeza. "Tangu mvua za kwanza baada ya wewe kuacha dawa," nikasema. "Elifuraha alikuwa bado hajaanza shule."

Elifuraha ana mtoto wake sasa. Mama yake alipeleka mkono nyuma ya shingo, pale uzito wa mzigo unapokandamiza, akaushikilia hapo. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru. Akageukia yale majani yake, akazungumza bila kuniangalia.

"Nsia anaondoka kesho kutwa, eti? Anaenda redioni?"

"Ndiyo, Mama."

"Mwambie akitutisha, arudi kutuambia yakiisha."

Nimekufikishia. Nenda salama, mwanangu.

Baba yako